Mwaka Tulioilaza Divai

Tuliporudi kutoka kumzika Mama Astrida, nyumba yake ilikuwa imejaa watu na moshi wa kuni. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha la jikoni, sahani ya ugali wa bukari na samaki wa mikebuka mapajani. Nyuma yangu walisimama vijana wawili ambao sikuwajua, labda wajukuu wa majirani, wakila kwa haraka ya watu waliochimba kaburi. Mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Unaona ule mama? Njo yeye, ule wa divai. Yeye na marehemu walinunua divai kwa mnada, wakaikalia miaka na miaka bila kuinywa." Mwenzake akauliza kama walikuwa wagonjwa. Wakacheka, kisha wakakumbuka wako matangani, wakainamia sahani zao. Sikukasirika. Nilitaka hata kugeuka niwaambie, lakini mdomo wangu ulikuwa mzito siku ile, na habari yenyewe si ya kusimulia mtu akiwa amesimama na sahani mkononi. Ndiyo maana naiandika hapa. Nimeishi miaka mingi Kalemie, mingine mizuri na mingine ya kukimbia na godoro kichwani, lakini mtu akiniuliza ni mwaka gani ulionifanya niwe huyu niliye, sitafuti mbali. Ni mwaka ule.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Vita vilikuwa vimetulia, mashua zilikuwa zimeanza tena kupiga honi bandarini asubuhi, na mimi nilikuwa nauza mawese. Mafuta yalinijia kwa mashua kutoka upande wa Fizi, nami niliyauza kwa wenye migahawa na kwa akina mama wa soko. Watu waliniita Bea wa mawese, na nguo zangu zote zilikuwa na alama nyekundu ambazo hazikutoka kwa sabuni yoyote. Nilikuwa nimepanga nyumba ya zamani kwenye mlima, juu ya stesheni, iliyojengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya bwana mmoja wa reli. Bati lake lilivuja na mlango wa mbele haukufunga, lakini niliichagua kwa sababu moja. Chini ya jiko palikuwa na ngazi za mawe zilizoshuka hadi kwenye chumba kilichochimbwa ndani ya mlima wenyewe, kuta za mawe, dari ya duara kama mgongo wa tanuri, bila dirisha. Wenye nyumba walikiita shimo. Humo nilipanga mapipa yangu na mabido, madumu ya plastiki, na mawese yangu hayakuharibika hata mwezi wa tisa, jua linapokausha mpaka mate mdomoni. Nilipenda kushuka humo mchana, kukaa kwenye ngazi ya mwisho nikiwa na kikombe cha chai, kusikiliza ukimya.

Mama Astrida alikuwa amerudi kutoka Ulaya mwaka uliotangulia. Alizaliwa hapa hapa, lakini alifanya kazi miaka mingi Brussels, katika mgahawa wa watu wenye nafasi, na kazi yake ilikuwa chini, kwenye kave, mahali wanapoweka divai: kupokea, kulaza, kuchagua, kupeleka juu. Alirudi akafungua nyumba ya chakula karibu na bandari, yenye vitambaa mezani na samaki aina ya kuhe katika mchuzi ambao watu waliuzungumzia mpaka Moba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na hakumwamini mchuuzi yeyote. Siku moja alikuja mwenyewe kutazama mawese yangu, asije akauziwa yaliyochanganywa na maji. Nilimtangulia na taa. Nilipofika chini nikageuka, nikaona amesimama katikati ya ngazi, ametulia kabisa.

"Bea," alisema, "hapa chini unafungulia mashini gani ya baridi?"

"Mashini gani, Mama? Umeme wenyewe wa bwawa la Bendera unakuja ukipenda."

"Na wakati wa jua kali?"

"Iko vile vile."

"Na mvua ikinyesha wiki nzima?"

"Iko vile vile, Mama. Hii shimo haijui kama inje kuko nini."

Aliweka kiganja chake ukutani, akakiacha pale, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akasema polepole, si kwangu, kwa ukuta: "Huyu mutoto amelaza mawese mahali pa kulaza divai."

Tulipopanda juu nilimpa chai, na hakuondoka mpaka sufuria ilipoisha. Divai niliyoijua mimi ilikuwa ile ya altare, ambayo padri aliinywa peke yake, na ile tamu ya boksi iliyouzwa kwenye baa. Mama Astrida alinieleza kwamba kuna divai nyekundu nyingine, inayozaliwa ikiwa kali, imejifunga, inakausha ulimi, na mwenye haraka akiinywa anaona ameibiwa. Hiyo unailaza chini, gizani, mahali pasipotikisika wala kubadilika joto, unaiacha miaka kumi, kumi na tano, na humo ndani ya chupa inaendelea kuishi na kukomaa. Nilicheka. Nilimwambia munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ukikaa siku chache tu tunaumwaga. Naye akacheka, akafuta miwani, akasema: "Njo vile nilisema hata mimi, siku ya kwanza. Halafu wakaninywesha." Na jinsi alivyolitamka neno lile, wakaninywesha, macho yakiangalia mbali kupita ukuta wa jiko langu, niliona wivu. Nilitaka na mimi kuwa na kitu cha kukumbuka kwa sura ile.

Haikupita muda mrefu, habari ikaenea mjini. Mgiriki mmoja mzee, mfanyabiashara aliyeishi peke yake kwenye nyumba kubwa ya njia ya bandari, alikuwa amekimbilia Ulaya kabla ya vita, na sasa amefia huko. Ndugu zake hawakutaka kuja. Waliagiza kila kitu kiuzwe kwa mnada, na tribinali, mahakama yetu, ikamtuma wisie, yule mtu wa kusimamia mali zinazouzwa kwa sheria. Vibarua wake walipokuwa wakitoa makabati kwenye vyumba vya chini waliona ukuta mmoja una matofali mapya kuliko mengine. Wakaubomoa. Nyuma yake palikuwa na divai. Mgiriki alikuwa ameifungia kabla ya kuondoka, na askari wa pande zote walilala katika nyumba ile miaka yote bila kujua walichokiegemezea migongo yao. Mama Astrida, ambaye sijawahi kumwona akikimbia, alipanda mlima wangu akihema, kilemba mkononi.

"Bea, vaa viatu."

Ilikuwa siku ya kutazama tu. Wisie, mwanaume mwembamba mwenye tai iliyochoka, aliruhusu watu waingie wachache wachache, kugusa kwa uangalifu, bila kufungua hata chupa moja. Tuliingia na tochi. Karibu na mlango, kwenye rafu, zilisimama chupa nzuri, karatasi zake zina dhahabu na picha za nyumba kubwa, na watu wote walijazana hapo wakiguna kwa mshangao. Mama Astrida aliziinulia tochi, akazitazama shingo, akanivuta mkono. Nyuma kabisa, kwenye fremu za mbao, zilikuwa chupa zilizolala, chafu, zimefunikwa vumbi na utando wa buibui, karatasi zimeliwa nusu na wadudu. Hapo hapakuwa na mtu. Alichukua moja kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala, akaiwekea mwanga nyuma.

"Angalia divai inafika wapi," alininong'oneza sikioni. "Inafika shingoni, karibu na kizibo. Sawa?"

"Sawa."

"Zile za mlangoni zimeshuka mpaka mabegani. Wameziachia zimesimama. Chupa ikisimama, kizibo hakiguswi na divai, kinakauka, hewa inapita. Hizi zimelala. Kizibo kimekunywa kila siku." Tochi ilikuwa inatetemeka. Nilidhani ni betri, kumbe ni mkono wake. "Bea, hizi majina yake niliyabeba miaka yote kwa watu wengine. Niliyapeleka juu, nikarudi chini. Usiangalie sana. Toka polepole. Sema kwa sauti kwamba kunanuka."

Nilitoka nikasema kunanuka, na sikuhitaji kuigiza sana.

Mpango wetu tuliufanya kwenye mgahawa wake, kabla wateja wa mchana hawajafika, tukichambua majani ya sombe pamoja ili wapishi wasishangae. Alisema yeye hawezi kuinua mkono mnadani. Mji mzima ulijua ametoka wapi na alifanya kazi gani huko, na akiinua kidole kimoja kila mwenye baa atainua viwili. Mimi ndiye niliyefaa, kwa sababu hakuna aliyewahi kunifikiria pamoja na neno divai. Tungenunua kwa nusu kwa nusu. Yeye angeweka akiba aliyoitunza kubadilisha bati la mgahawa kabla ya mvua. Mimi ningeweka fedha za safari yangu ya Fizi, ya kununua mawese. Kisha akaacha kuchambua, akanitazama. "Na jambo lingine. Divai na mawese hazilali chumba kimoja. Harufu inaingia kwenye kizibo. Ukikubali, mawese yako yatoke, na yasirudi." Nilijua alichokuwa ananiambia. Bila lile shimo sikuwa na biashara. Wauzaji wengine walioweka mafuta yao kwenye vibanda vya bati walikuwa wakilia kila mwezi wa tisa. Nilimwomba siku moja ya kufikiri. Nilishuka nikakaa kwenye ngazi yangu ya mwisho, nikatazama mapipa, nikajaribu kufanya hesabu za mtu mzima, na hesabu zote zilisema hapana. Lakini nilikuwa nimeuona mkono wa mwanamke yule ukitetemeka. Sijui kama vijana wa leo watanielewa. Tulitoka katika miaka ya kuomba tu kesho tuamke, na hapa palikuwa na mtu anayepanga jambo la miaka kumi na tano mbele, kwa moyo wote, kana kwamba ile miaka ni yetu na itakuja. Nilitamani kusimama pamoja naye. Nikauza mawese yote, nikasugua shimo kwa sabuni, ndimu na chokaa, nikaacha magunia ya makala, makaa ya kupikia, yafyonze harufu, na nilipoingia siku ya mwisho nikavuta pumzi sikusikia kitu zaidi ya mawe.

Mnada ulifanyika uani kwa Mgiriki, asubuhi yenye jua safi na upepo wa ziwa. Nusu ya mji ilikuja, wengi bila nia ya kununua hata sindano. Waliuza kwanza vitanda, kisha kabati, kisha piano, ambayo mwalimu wa kwaya aliipata akabubujikwa na machozi, na wale walioibeba walipovuka barabara ilikuwa inalia yenyewe kila hatua. Mbele kabisa, kwenye kiti alichojiletea kutoka nyumbani, alikaa Papa Kasongo. Alikuwa na mashua, depo ya bia na kofia nyeupe isiyoshuka kichwani, na binti yake wa kwanza, Solange, alikuwa anaolewa miezi michache baadaye. Alikuwa ameshatangaza kila kona kwamba kwenye arusi ile kila mgeni, hata wa nyuma kabisa, atakunywa divai ya Ulaya. Solange mwenyewe alikaa kando yake, mchangamfu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Mama Astrida alisimama nyuma ya watu, chini ya ukuta, kama mtu aliyepita tu.

Fungu la kwanza lilikuwa zile chupa za dhahabu. Nilikuwa nimeambiwa nisiziguse, lakini mnada una kitu chake kinachoingia kwenye damu. Wisie alipoita bei ya kwanza, mwenye baa mmoja akapandisha, Papa Kasongo akapandisha, watu wakaanza kupiga kelele, na nikaona mkono wangu mwenyewe unapanda bila ruhusa yangu. Nyuma yangu mtu alikohoa vibaya sana, kama anayekufa. Nikaushusha mkono, nikajifanya najikuna shingo. Papa Kasongo alishinda. Alisimama, akavua kofia kwa mara ya kwanza, akasema hawezi kungoja arusi, mji uone alichonunua. "Ni mali yako, Papa," wisie alimwambia. Ikaletwa bilauri, ikafunguliwa chupa, kizibo kikakatika kama udongo mkavu. Alijaza, akainua juu, akanywa funda kubwa mbele yetu sote.

Sura yake sitaisahau. Ilijikunja kutoka pande zote kuelekea katikati. Akatema, na sehemu ikampata wisie kwenye viatu.

"Siki!" alipiga kelele. "Hii ni siki!"

Akafungua nyingine. Siki. Uani watu walikuwa wameshikana mabega kwa kucheka, akina mama wamekaa chini, na Papa Kasongo alisimama katikati yao akigeuka huku na huku. "Mugiriki alitufungia siki nyuma ya ukuta! Zote ni siki!" Wisie akafuta viatu vyake, akajaribu kurudisha heshima ya mahali pale, akaita fungu la pili: chupa zilizolala, zote pamoja. Hakuna aliyejibu. Akaita tena, karibu kwa kuomba. Nikainua mkono.

"Bea wa mawese!" sauti ikatoka nyuma. "Anataka chupa!"

"Kweli! Chupa za kutilia mawese!"

Wakacheka upya, na mimi nikacheka nao, moyo ukinipiga mpaka kwenye meno. Wisie aliinua kiganja apige meza, tumalize. Lakini Papa Kasongo hakuwa mjinga. Mtu mjinga hafiki kuwa na mashua. Aligeuka kutafuta nani anamcheka zaidi, na macho yake yakafika ukutani, kwa Mama Astrida, ambaye peke yake uani pale hakuwa anacheka. Alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa inasali. Papa Kasongo akamtazama. Akanitazama mimi. Akavaa kofia.

"Ngoja kwanza," alisema. Na akapandisha.

Nikapandisha. Akapandisha. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kama mvua inavyoacha bati, mpaka ukasikika upepo kwenye mitende ya Mgiriki. Nilivuka bati la mgahawa wa Mama Astrida. Nilivuka nusu ya safari yangu ya Fizi. Mikono yangu ilikuwa ya baridi na uso wangu wa moto, na nakiri hapa, kwa furaha, kwamba sijawahi kujisikia hai namna ile, wala siku ya arusi yangu.

"Dada," Papa Kasongo aliniambia, kwa upole wa kutisha, "chupa za mawese zinafika hii bei?"

"Papa," nilimjibu, na sauti ikatoka nzuri kuliko nilivyotegemea, "mawese yangu ni mazuri."

Uani pakalipuka. Hata yeye alicheka, tumbo likitikisika, lakini mkono wake ulikuwa unapanda tena, na mimi nilijua kwamba nina pumzi moja tu iliyobaki. Hapo ndipo Solange alipomshika mkono ule, akaushusha kwenye paja lake.

"Papa, ulishanunua siki. Inatosha."

"Solange, acha."

"Arusi ni ya nani? Mimi nataka bia. Baridi. Wageni wote wanataka bia."

Watu wakampigia makofi. Papa Kasongo akamtazama binti yake, akatazama chupa za siki, akauacha mkono pale pale. Kiganja cha wisie kikaanguka mezani.

Chupa zile hazikupanda mlima, zilibebwa kama mgonjwa. Tuliweka nyasi kavu kwenye pusipusi mbili, mikokoteni ya kusukuma, na Mama Astrida alitembea kinyumenyume mbele yake njia nzima akisema polepole, polepole, jiwe hilo, polepole. Jua lilikuwa bado juu tulipolaza ya mwisho. Kisha tukakaa kwenye meza ya jiko langu, na hofu ikaingia. Tulikuwa tumeweka kila kitu tulichokuwa nacho ndani ya chupa ambazo hatukuwahi kuonja, na yule Mgiriki angeweza kuwa amefungia siki mbele na siki nyuma. Mama Astrida alichukua moja iliyoliwa karatasi yote. Kizibo kilitoka kizima, chekundu upande mmoja, na kilitoa sauti ndogo, kama mtu anayevuta pumzi. Alimimina kidogo, akanusa, akanywa, akaizungusha tena bilauri mpaka nikataka kumpiga. Machozi yalikuwa yanateremka chini ya miwani.

"Mama, ni siki?"

"Iko hai," alisema. "Bea, iko hai. Na inatukatalia."

Nikaonja. Ilikausha ulimi wangu kama ganda la ndizi mbichi, ikanikunja mashavu, nikawa karibu kusema hii ndiyo tuliyouzia mawese? Lakini nilipomeza, ikarudi. Ilirudi na zambarau, na udongo baada ya mvua ya kwanza, na kitu kama tumbaku mbichi kwenye kikapu cha bibi, na ikaendelea kurudi wakati bilauri ilikuwa tupu. Nilimwangalia Mama Astrida. Alikuwa ananitazama mimi, si divai, akingoja ile sura. Nadhani niliitoa, maana alipiga meza kwa viganja viwili akacheka kama msichana.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya njaa ya wazi wazi. Mvua zilipoanza, mgahawa wake ulivuja, na wateja walikula samaki wakisikiliza maji yakidondoka kwenye ndoo. Mimi nilikwenda na treni mpaka Nyunzu kuuza ndakala, dagaa wetu wa ziwa. Vijana walipopita mbele ya nyumba walipiga kelele, "Bea, imekomaa?" Kila juma Mama Astrida alipanda, tukashuka pamoja, akagusa ukuta, akatazama kipimajoto, akaniuliza jina la chupa hii na ile mpaka nikayajua yote gizani. Alinieleza kwamba hapa kwetu divai itakua upesi kidogo kuliko Ulaya, kwa sababu shimo langu ni poa lakini si baridi. Aliyasema haya kama habari njema.

Siku chache kabla ya arusi, Papa Kasongo alipanda mlima peke yake, kwa miguu, kofia mkononi. Mama Astrida alikuwapo. Aliomba kuona, tukamshusha, naye akasimama mbele ya chupa zilizolala, jasho linamkauka usoni.

"Nilichekwa na muji mzima," alisema. "Si kitu, nimezoea kuwa mbele ya watu. Lakini kwa meza ya mutoto wangu iko bia tu. Mama, nipe chache. Utasema wewe unachotaka."

"Hapana," Mama Astrida alijibu. "Bado changa. Utakuwa unaziua."

Alimkatalia vizuri, kwa heshima, na Papa Kasongo alishukuru, akageuka kupanda ngazi. Sijui ni mgongo wake ulionishinda, au ule mkono wa Solange uliotupa ushindi.

"Mama, nusu ni yangu," nilisema.

Tuligombana hapo hapo, mara ya kwanza, Papa Kasongo akiwa ameganda katikati ya ngazi asijue apande au ashuke. Aliniambia sijui thamani ya kungoja. Nilimwambia divai inaweza kungoja, arusi haiwezi. Aliondoa miwani, akaivaa tena. Mwishowe akasema atatoa chupa chache za meza ya maarusi, kwa sharti moja: atazihudumia mwenyewe.

Alizifungua asubuhi ya arusi, akazimimina kwenye majagi mapana ya kioo ili zipate hewa mpaka jioni. Alizileta na nyama ya mbuzi, amevaa gauni jeusi na kitambaa cheupe mkononi, kama alivyofanya miaka yote kwa watu wa mbali, na safari hii alikuwa anawapelekea watu wa kwao. Meza ile ilionja. Padri alitazama ndani ya bilauri yake kana kwamba mtu amemwita kutoka humo. Solange, aliyetaka bia, alikunywa, akanywa tena, akauliza kwa ile sauti yake ya kusikika barabarani: "Hii njo changa? Sasa ikikua itakuwa nini?" Mama Astrida akamwongezea kidogo. Papa Kasongo akasimama, akamnyang'anya mpiga muziki mikrofoni.

"Mimi nilishindwa na Bea wa mawese," alisema, na watu wakapiga vigelegele. "Na leo nimeonja kile kilichonishinda. Sikilizeni. Nanunua kasha moja kwa mutoto wa kwanza wa Solange, ambaye hajazaliwa. Lakini silichukui. Libaki chini kule, kwa hawa wamama wawili, mpaka siku mutoto huyo atakapoolewa ao kuoa."

Kabla ya keki kukatwa, watu wengine walikuwa wamekuja nyuma ya kiti chetu kuulizia za watoto wao: mwenye duka la dawa, daktari wa hospitali, hata yule mwenye baa. Bati la mgahawa likabadilishwa kabla ya mvua za pili. Mawese hayakurudi shimoni, na shimo likaanza kuitwa kave mjini kote. Mimi na Mama Astrida tukawa tumepata kazi ya maisha: kununua divai za kulaza, popote mnada unapotokea, na kuzitunza kwa majina ya watoto.

Juma la tatu baada ya mazishi nilisikia kwamba hoteli moja ya Lubumbashi inafunga na kuuza kave yake yote. Binti zangu walisema nipumzike. Nilipanda ndege. Siku ya kutazama nilikwenda na tochi yangu, nikainua chupa, nikatazama shingo, na nikakuta makasha mawili ya divai nyekundu changa kabisa, kali, iliyofungwa kama ngumi, isiyofaa kuguswa kabla sijavuka miaka sabini. Mnadani nilikaa mstari wa mbele. Aliyeita bei alikuwa msichana mwenye mikrofoni, na kando yangu alikaa bwana mmoja mwenye adabu nzuri, ambaye alishaniona nikiandika namba ya yale makasha kiganjani. "Mama," aliniinamia, "umetoka mbali. Ngojea zile za zamani, utazinywa wiki hii hii." Nilitaka kumwambia kuhusu Mama Astrida, lakini bei ya yale makasha ilikuwa imeanza kupanda, damu ilikuwa inanipiga masikioni, na mkono wangu ulikuwa tayari juu.